Mstari Ulioliwa na Kona Isiyo na Jina

"Mabibi na mabwana!" Sospeter alinguruma kwenye kipaza sauti. "Tazameni mstari wetu wa kuanzia! Mweupe, umenyooka, mstari wa kimataifa! Mimi niliyetembea Ndola, nikalala Lubumbashi, nikala samaki Bujumbura, sijaona mstari kama huu!"

Watu zaidi ya elfu moja wakageuka kuutazama. Kisha wakaangua kicheko. Sospeter alidhani wamefurahia maneno yake, akainama kidogo kupokea heshima. Alipoinuka ndipo alipowaona: mbuzi saba, wamejipanga bega kwa bega kama waendesha pikipiki kwenye fainali, midomo chini, wanaulamba mstari wa kimataifa. Nusu ulikuwa umekwisha.

"Spika!" Chibago kinyozi akampigia Sospeter kelele, kwa jina lake la uwanjani, kutoka upande wa jua. "Na hao wamejiandikisha? Yule beberu ni namba ngapi?"

Ukweli ni kwamba chokaa ilikuwa imeisha. Sospeter hajawahi kukosa wazo maishani. Anachokosa ni mtu wa kumzuia asilitekeleze. Asubuhi ile alipita jikoni kwake, akachota unga wa sembe wote uliokuwamo kwenye ndoo ya mkewe Eunike, akaenda kuchora nao mstari. Cheupe ni cheupe, alijiambia. Miaka ishirini alikuwa utingo wa malori, mipaka ya nchi sita aliivuka akiwa amelalia magunia, lakini alisahau jambo analolijua kila mtoto wa Chinyawiti: mbuzi wa Ugogo haachi kitu ila jiwe, na hilo jiwe hulionja kwanza.

Sogeeni basi. Aliye na karanga agawe. Hadithi hii kuingia ni bure. Kutoka ni kwa jibu.

Uwanja wa Chinyawiti ni duara la udongo mwekundu ambako vijana hushindana kwa pikipiki zilizovuliwa taa na madigadi. Mara mbili mfululizo mbio zilikuwa zimevunjika. Mara ya kwanza kwa vumbi: waendeshaji walivaana ndani ya wingu jekundu, na watazamaji wakarudi nyumbani wamesikia kila kitu na hawakuona chochote. Mara ya pili kwa tope: kona ya nne iligeuka bwawa, pikipiki tatu zikalala humo kama viboko. Mkutano wa kijiji ukachoka. Ukaamua kwamba mara ya tatu, jua likizama kabla ya mshindi kupatikana, uwanja utalimwa alizeti. Na ili mtu asije kusema hakuambiwa, trekta lenye jembe lilikuwa limeshaegeshwa nje ya uzio, dereva wake amekaa juu akimenya muwa kwa meno.

Sasa, kona za uwanja ule zina majina, na jina haliombwi. Ya kwanza ni ya Mzee Samweli, aliyetoa ardhi. Ya pili ni ya Bi Hawa, aliyewauguza walioanguka. Ya tatu ni ya fundi mmoja marehemu aliyeziba pancha za watu wote na hakuwahi kumuuliza mtu anatoka ukoo gani. Ya nne haikuwa na jina. Asubuhi ile mwenyekiti wa kijiji alisimama mbele ya watu akasema, "Atakayezifanya mbio za leo zikimbiwe, kona ya nne ni yake. Mchora mabango anakuja Jumatatu. Na kwa kuwa kipaza sauti ni cha Spika, Spika ndiye atakayelitaja jina jioni."

Sospeter aliitikia kwa mzaha, lakini moyoni kitu kilimchoma. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Nchi sita alizopita, hakuna hata kibao cha choo kilichoandikwa jina lake.

Haya. Mbio zilitangazwa za saa sita, na saa sita waendeshaji wanane walikuwa tayari. Mstari ukaliwa. Mwalimu Nyamoga, mama mstaafu aliyewafundisha nusu ya watazamaji kusoma na kuwachapa nusu nyingine, akasimama na kusema, "Chukueni majivu kwa mama wa chai. Mbuzi hali majivu." Wakatumwa watu wa majivu. Wakati wanasubiri, mwendeshaji mmoja akazunguka uwanja polepole kupasha moto pikipiki yake. Kona ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya tatu, salama. Kona ya nne, juu pakavu kama chapati, chini uji: gurudumu la mbele likazama hadi kwenye ekseli, kijana akaruka, akatua kwa makalio.

Kisha uwanja mzima ukaanza kusema kwa pamoja.

"Anzeni hivyo hivyo!" alisema Chibago. "Wazunguke hilo shimo! Mimi nimefunga kibanda changu, nina wateja wenye ndevu nusu huko mjini!"

"Wazunguke wapi, Chibago?" alisema Mwalimu Nyamoga. "Pikipiki nane kwenye upana wa mkeka?"

"Mwalimu, kila mara ni hivi. Tunatangaziwa saa sita, tunaona mbio saa kumi, au hatuoni. Tumekuja kutazama mbio au kutazama udongo?"

"Udongo ndio mbio. Wewe unanyoa kichwa kabla ya kukilowesha?"

Watu wakacheka. Chibago akakuna kichwa chake mwenyewe, ambacho kilikuwa hakijanyolewa wiki mbili. Lakini hakuwa peke yake. Upande wa jua wote ulikuwa umesimama, watu wanahesabu vivuli, wanatazama trekta la jembe, wanalitazama jua. Wengine walishaanza kukunja kanga walizokalia. Sospeter, jasho likimtiririka, alitangaza "dakika kumi tu." Dakika kumi zikaisha, akatangaza tena "dakika kumi tu." Mara ya tatu watu waliitamka pamoja naye.

Palikuwa na watu watatu uwanjani pale wenye vipaji, na kila mmoja kipaji chake.

Lazaro alikuwa na jicho. Maisha yake yote aliendesha greda za barabara, na tangu astaafu hana greda, ila jicho halikustaafu. Hulaza shavu lake chini kama anayesikiliza, kisha anakuambia maji yatakwenda wapi, na huenda huko huko.

Mwamvua alikuwa na mkono. Ana boza dogo la kuvutwa na punda wanne, na huwasambazia watu maji. Huchota udongo, akaufumbata. "Ukikupaka, umelewa," husema. "Ukikutoroka, una kiu. Ukikaa kiganjani kama kifaranga, uko tayari."

Mama Yudita alikuwa na ngoma. Ni kiongozi wa wanawake wa muheme, wale wanaobana ngoma mapajani na kuzipiga hadi mwenye jipu mguuni anasimama. Inasemekana aliwahi kupita na ngoma zake nje ya baraza, na mlalamikaji na mlalamikiwa wakatoka nje wakicheza, kesi ikafa.

Lazaro ndiye aliyeanza. Alikwenda kona ya nne, akalaza shavu, akakaa hivyo muda mrefu mpaka Chibago akauliza kama amelala. Alipoinuka hakwenda kwenye shimo. Alikwenda kwa Sospeter, akakiomba kipaza sauti, akakishika kama mtu aliyeshika nyoka.

"Ndugu zangu," alisema, "mara ile ya tope mlimtukana Mwamvua kwamba alimwaga maji mengi. Hakumwaga mengi. Kona hii niliichonga mimi, nikaiinamisha nje badala ya ndani. Maji yakakosa njia, na mpaka leo yako chini humo. Nilinyamaza. Leo sinyamazi."

Akarudisha kipaza sauti, akaenda moja kwa moja hadi kwenye trekta la jembe. Haijulikani alimwambia nini yule dereva. Mtu aliona tu muwa ukitupwa, jembe likifunguliwa, na boriti la chuma likifungwa mahali pake kwa mnyororo. Trekta lililoletwa kuuzika uwanja likaingia uwanjani kuufufua. Lazaro alitembea mbele yake kinyumenyume, mikono juu, akiliongoza kwa vidole. Walifumua kona yote, wakatoa tope, wakasomba udongo mkavu, wakaupandisha upande wa nje. Saa nane na nusu kona ilikuwa imechongwa vizuri kama ukingo wa bakuli.

"Sasa anzeni!" alisema Chibago.

Upepo mdogo ukapita. Kona nzima ikainuka hewani kuwa vumbi jekundu, ikamwingia Chibago mdomoni.

Mwamvua alikuwa amelala chini ya boza lake, kanga usoni. Boza lilikuwa limejaa, lakini maji yale hayakuwa ya uwanja. Pale Chinyawiti bwawa huchotwa kwa zamu, na siku ile ilikuwa zamu yake ya wiki: maji ya miche yake ya zabibu, miche mia tatu, ya kwanza kabisa kuipanda maishani. Zamu ikipita imepita. Wote walilijua hilo, na ndiyo maana hakuna aliyemwomba. Mwenyekiti alitazama kando. Hata Chibago alinyamaza, ingawa huenda ilikuwa ni lile vumbi.

Mwamvua akaondoa kanga usoni. "Lazaro," aliita, "yale maneno ungeyasema miezi minne iliyopita. Watoto sokoni walikuwa wakiniita Mama Tope."

"Najua, dada."

"Unajua sasa."

Akawashika punda. Hakumwaga kama watu walivyotaka. Alimwaga kidogo, akasimama, akafumbata. Akamwaga tena, akasimama. "Mwagaaa!" watu walipiga kelele, yeye akawa kama hasikii. Sospeter alitangaza dakika kumi, akazomewa. Mara ya tatu Mwamvua alifungua kiganja, na udongo ukakaa humo umetulia. Boza lilikuwa tupu. Ilikuwa saa kumi.

Lakini udongo mbichi usioshindiliwa haukubali gurudumu. Mashine ya kuazima ya kushindilia ilikuwa imevunjika njiani, na habari ilipofika, upande wote wa jua uliinuka kuondoka. Hapo ndipo Sospeter alipoingiwa na hofu ya kweli. Watu wakienda, hata mbio zikikimbiwa zitakuwa zimekimbiwa mbele ya mbuzi.

Mama Yudita alikuwa nje ya uzio. Hakuwahi kuingia uwanjani pale tangu siku ya vumbi, kwa sababu mwanawe alikuwa mmoja wa waliovaana, na mpaka leo anatembea kwa gongo. Pikipiki alizichukia, na hakuficha. Alikuja siku ile kwa jambo moja tu: kuona alizeti ikishinda. Hivyo ndivyo alivyomwambia mama wa chai, kwa sauti ya kusikiwa.

Alitazama watu wakimiminika kwenda langoni. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa ameegemea uzio kwa ndani, anaitazama ile kona kama mtu anavyotazama chakula. Akasonya. Akakaa chini pale pale langoni, akaibana ngoma yake, akaipiga.

Wenzake wanne wakaitikia. Waliokuwa wanatoka wakasimama, kwa sababu haiwezekani kupita kwenye muheme unatembea tu kama mpeleka barua. Mama Yudita akainuka, akaingia uwanjani akipiga, watu nyuma yake, akawapeleka moja kwa moja hadi kona ya nne. Walicheza pale mia tatu, mia nne, visigino vikigonga udongo kwa pamoja, wakienda mbele, wakirudi, wakipanda ule mwinuko, wakishuka. Mwalimu Nyamoga alivua viatu. Dereva wa trekta alicheza. Chibago alicheza kuliko wote, huku akilalamika kwamba anacheleweshwa. Walipigilia kona ile hadi ikang'aa kama sakafu aliyoisiriba bibi harusi kwa samadi. Katikati ya wimbo wa mwisho ngozi ya ngoma ya Mama Yudita ikapasuka, ngoma aliyorithi kwa mama yake. Akamalizia kwa makofi.

Saa kumi na moja na nusu Sospeter aliinua kipaza sauti. Mstari ulikuwa wa majivu, kijivu, umepinda kidogo. Hakuusifu.

Mizunguko kumi. Pikipiki nane ziliingia kona ya nne kwa pamoja, zikalala ubavu, zikatoka upande wa pili zikiwa nane. Vumbi halikuinuka, tope halikuruka. Mzunguko wa tatu watu walikuwa wamepanda kwenye uzio. Mzunguko wa saba Chibago alikuwa analia, akisema ni jua. Aliyeshinda alishinda, mwenyewe anajua na mama yake anajua. Si yeye hadithi hii. Bendera ilipoanguka, jua lilikuwa bado na upana wa vidole viwili juu ya vilima, na dereva wa trekta alikuwa analiburuta jembe lake kwenda nalo nyumbani.

"Spika," alisema mwenyekiti, "tupe jina."

Sospeter akafungua mdomo. Mdomo uliozoea kutangulia mwenye nao, mara hii ukamngojea.

"Mpe Lazaro!" mmoja alisema. "Kona aliichonga yeye, na alikiri mbele ya watu. Nani kati yenu angekiri?"

"Aliyeharibu akitengeneza, huyo amerudisha tu," alijibu mwingine. "Mpe Mwamvua! Miche mia tatu inakauka kwa ajili yetu!"

"Maji yangemwagika wapi kama kona ilikuwa shimo? Na maji hayo bila miguu si tope lingine? Mpe Mama Yudita! Aliusamehe uwanja uliomvunja mwanawe!"

"Sikusamehe," alisema Mama Yudita, ameikumbatia ngoma iliyopasuka. "Nimekasirika vile vile. Nilipiga ngoma tu."

"Basi wapeni wote watatu," alisema Sospeter, kwa matumaini.

"Kona tatu zina jina moja moja," alisema Mwalimu Nyamoga. "Ukiandika majina matatu kwenye bango, mwaka ujao watu watasema Kona ya Nne. Jina refu halikai mdomoni. Chagua."

Hapo Chibago akapanda juu ya pipa. "Mnasahau mmoja! Mstari usingeliwa, mbio zingeanza saa sita, na vijana wanane wangeingia kwenye uji ule kwa kasi. Leo tungekuwa kwenye matanga! Aliyewaokoa ni aliyewaletea mbuzi unga. Spika!"

Watu wakacheka, lakini si wote. Baadhi walitikisa vichwa kama watu wanaopima. Mwamvua mwenyewe alisema polepole, "Si uongo."

Sospeter alihisi masikio yake yakipata moto. Aliliona bango: herufi nyeupe, Kona ya Sospeter. Aliona wajukuu wakiuliza ni nani huyo. Na aliliona jina hilo likiwa mdomoni mwake, tayari, kipaza sauti kiko wazi, watu elfu moja wanangoja. Alimtazama Lazaro, anayekung'uta udongo shavuni. Alimtazama Mwamvua, anayewafungua punda wa boza tupu. Alimtazama Mama Yudita, anayepitisha kidole kwenye ule mpasuko.

"Dakika kumi tu," alisema, akakizima kipaza sauti. Wakamzomea mpaka langoni.

Basi Lazaro alitoa jicho lake, na aibu yake mbele ya watu. Mwamvua alitoa mkono wake, na miche yake. Mama Yudita alitoa ngoma yake, na hasira yake hakuiacha, aliicheza. Na yuko yule wa nne, aliyetoa unga usio wake kwa mbuzi wasio wake, na huenda akaokoa watu wanane pasipo kukusudia. Mmoja akiondolewa, hakuna mbio. Bango ni moja, na Jumatatu mchora mabango anakuja na kopo lake. Je, wewe uliyekaa hapo na karanga zako, kipaza sauti kingekuwa mkononi mwako, ungelitaja jina la nani?

Sospeter naye hakuweza kukaa na swali hilo peke yake. Alifika nyumbani jua likizama, akamkuta Eunike ameketi karibu na mafiga, maji yakichemka kwenye sufuria, mwiko umelala juu ya mfuniko. Akamsimulia yote, tangu mbuzi hadi ngoma, kwa mikono na kwa sauti za kila mtu, na trekta pia. Eunike alisikiliza bila kumkatisha hata mara moja, jambo ambalo lingepaswa kumwonya.

"Kwa hiyo, Mama Neema," alimaliza, amechoka, "wewe ungempa nani?"

Eunike akafunua ndoo ya unga, akamwinamishia aone ndani. Kisha akaipua sufuria ya maji.

"Mpe unayemtaka, Baba Neema," alisema. "Chakula chako cha leo kilikuwa kwenye ule mstari."